Kizamia Asilale Peke Yake

Hadi Nakundwa anafika ukingoni mwa ndiva ya Kwasemboja, goti lake la kushoto lilikuwa limelalamika tangu mteremko wa pili, na kisanduku kilichoning'inia kifuani pake kilikuwa kimemshauri mara nne apumzike. Mara zote nne hakukijibu. Mtu aliyezaliwa katika milima ya Upare haambiwi na chombo cha ukubwa wa kopo la majani ya chai namna ya kupanda mlima, hata kama ana miaka sitini na mmoja na mlima wa mwisho aliupanda nywele zake zikiwa bado nyeusi.

Ndiva ilikuwa palepale. Lilikuwa bwawa lililochimbwa kwa majembe na watu ambao majina yao yamesahaulika. Kijito kililijaza usiku, na asubuhi kizibo kikitolewa maji yaliteremka kwa zamu, shamba baada ya shamba. Ukingo mzima ulikuwa na marundo ya tope bichi, maana siku tisa zilizopita kijiji kilikuwa kimefanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kila mwaka ya kuzoa tope. Kitu kigeni kilikuwa kimoja tu: marobota kumi na mawili ya plastiki nyeusi, yamepangwa kando yakisubiri kutandikwa sakafuni ili maji yasivuje tena.

Juu ya robota la kwanza alikuwa amekaa dada yake, Niwaeli, akiparua tangawizi kwa kisu kilicholika hadi kikabaki kama kidole.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa," alisema Niwaeli, na kwa Niwaeli hiyo ilikuwa sifa. Akanyoosha kisu kuelekea kisanduku. "Ndicho chenyewe hicho?"

"Ndicho."

"Hujambo wewe," Niwaeli alikiambia.

"Sijambo, mama. Shikamoo," kikajibu kisanduku kwa sauti ya mtu mpole aliyeshiba.

"Kumbe kina adabu. Hata siku kilipowahamisha watu wa Kwambazi kilikuwa na adabu hivihivi."

Katika miaka ya ukame mkubwa, watu walipochoshwa na mahakimu waliouza mito, kesi zote za maji zilikabidhiwa kwa Msuluhishi. Hakuwa mtu. Alikuwa akili moja iliyosambaa nchi nzima, iliyosema kupitia visanduku kama kile, yenye vijiti vya kunusa katika kila chemchemi, na vijiti hivyo vilisoma vinasaba vya kila kiumbe kilichojikuna, kilichokojoa au kilichokufa majini. Msuluhishi hakula rushwa wala hakuwa na shemeji. Palipokuwa na kiumbe asiyepatikana pengine popote duniani, pakafungwa kwa uzio na mkono wa mtu ukaondolewa. Ndiva ya Kwambazi, mwendo wa nusu saa kutoka pale, ilifungwa miaka minane iliyopita kwa ajili ya chura. Watu wake sasa waliishi bondeni kwenye mabati, wakila unga wa mgao.

Mwenyekiti wa ndiva, Kirangi, alipanda ukingoni akihema, kofia mkononi. Ndiye aliyehangaika miaka mitatu hadi plastiki ile ikapatikana.

"Karibu, mtambuzi. Nisikuchoshe. Ukisema kile kidudu ni kilekile cha mtoni, Ijumaa tunatandika na maji yanakuwa maradufu. Ukisema ni kingine..." Aligeuza kofia, akaiangalia ndani kana kwamba neno lililobaki lilikuwa humo.

"Kijiti changu kimenusa vinasaba ambavyo havimo katika Daftari la Viumbe," alisema Msuluhishi. "Vinaweza kuwa vya mbawakawa mdogo wa maji ambaye sijaandikiwa. Vinaweza kuwa takataka, mabaki yaliyoharibika ya mbawakawa wa mtoni. Pua yangu haitoshi. Sheria inataka jicho la mtambuzi aliyeapishwa, na wa mbawakawa wa maji amebaki mmoja."

"Mmoja," alirudia Niwaeli, akimwangalia mdogo wake kwa fahari isiyofichika. Kisha fahari ikamshuka usoni, akarudi kwenye tangawizi. "Basi sema ni takataka, tukale makande."

* * *

Makande walikula kweli, kwanza, kwa sababu kwa Niwaeli hakuna kazi iliyoanza kabla ya chakula. Baada ya hapo meza ya jikoni ilifutwa, Nakundwa akaweka hadubini yake karibu na dirisha, na sahani mbili za bati zenye maji. Moja ilikuwa na mbawakawa watano wa mtoni. Nyingine ilikuwa na watano wa ndiva.

Niwaeli alichungulia juu ya bega lake. Wote kumi walikuwa weusi wenye wekundu kidogo, kila mmoja si mkubwa kuliko chenga ya mchele. Wote kumi walipanda juu, wakatoa makalio nje ya maji, wakachota kiputo cha hewa chini ya mbawa zao ngumu, wakazamia tena. Ndiyo maana watoto wa upande huo waliwaita vizamia.

"Hawa ni pacha," alisema Niwaeli.

"Angalia hapa." Nakundwa alimpisha kwenye hadubini. "Mgongo wa jike wa mtoni unang'aa. Wa ndiva umefifia, una vikwaruzo vilivyopishana kama wavu."

"Nauona mgongo. Hata mimi wangu umefifia, lakini bado ni mtu."

"Haya. Dume ana vikombe vidogo miguuni vya kumshikia jike. Wa mtoni ana vitatu kila mguu. Huyu ana vinne."

"Huenda ni mwenye wivu tu."

Nakundwa alicheka, akachukua sindano mbili nyembamba na dume aliyekwisha kufa kwenye spiriti. Mikono yake ilitetemeka kila mahali siku hizi, akimimina chai, akitia sahihi. Lakini juu ya kioo ilitulia. Alifungua ncha ya tumbo, akatoa kitu kidogo kuliko kope ya mtoto, akakilaza. "Na hiki ndicho kinachomaliza ubishi. Kila aina ina umbo lake, kama ufunguo na kufuli. Cha mtoni kimenyooka. Cha ndiva kimepinda, tazama, na mwishoni pana kijino."

Niwaeli alitazama kwa muda mrefu. "Nakundwa. Hiki ni kitu gani?"

"Uume wake."

"Serikali ilikusomesha miaka saba ukachungulie uchi wa wadudu?"

"Miaka tisa, dada."

Wakacheka mpaka Niwaeli akakaa chini. Lakini Nakundwa alipofuta macho aliona hayakauki, akaona heri aseme. Miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa mwanafunzi, alimchora mbawakawa huyuhuyu wa ndiva, kijino kwa kijino, akampa jina la kisayansi lenye Kwasemboja ndani yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza na aliipenda kuliko zote zilizofuata. Miaka ilipopita na vinasaba vikaanza kusomwa, kielelezo chake cha akiba kilitolewa kabatini, kikasagwa, kikasomwa. Jibu likatoka: mbawakawa wa mtoni, wa kawaida. Jina likafutwa. Mkutanoni mwenzake mmoja alisema kwa kicheko kwamba Nakundwa aliona spishi mpya kwa sababu alikuwa amekumbuka nyumbani.

"Nilicheka pamoja nao," alisema. "Halafu sikurudi tena huku. Nilikuambia ni kazi nyingi. Haikuwa kazi, dada, ilikuwa aibu. Niliogopa hata kuiona ndiva."

"Na leo?"

"Leo nimeona nilichokiona wakati ule. Ni wawili. Sikukosea kuchora." Alisema hivyo akamwona dada yake akigeuza macho kwenda dirishani, kwenye mistari ya tangawizi iliyoshuka kijani hadi mferejini, na furaha yake ikamwia chungu mdomoni. Alikuwa ameisubiri kauli ile kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na sasa kuisema kwa kiapo kulikuwa ni kumng'oa dada yake kwenye shamba la mama yao.

* * *

Asubuhi ya pili Niwaeli aliwasha moto, akachemsha maji ya tangawizi, akamwekea mdogo wake kikombe, akakaa mbele yake mikono mapajani kama mtoto anayesubiri viboko.

"Kisanduku kinasikia?"

"Nimekifunika kwa kitenge huko chumbani. Hakijaapishwa kusikiliza mpaka nikiite."

"Mwaka ule ulipochukua kidudu, ulikuwa na malaria."

"Nilikuwa nayo. Baba alinibeba mpaka barabarani."

"Na chupa niliibeba mimi."

Nakundwa aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa umepata mmoja tu," alisema Niwaeli. "Ndiva ilikuwa imekauka karibu yote. Ulinipa chupa ukaniambia niitunze kuliko macho yangu. Njiani nikawa naitazama. Alikuwa anazunguka, anapanda, anashuka, anagonga kioo, mwenyewe. Na safari yenyewe ya siku mbili. Tulipovuka mto nikaona wenzake wamejaa kwenye kibwawa pembeni, wamefanana naye kabisa. Nikamtilia mmoja." Alimeza mate. "Wewe unajua nyumbani kwetu. Mgeni akija na mtoto, mtoto halazwi peke yake, analazwa na mwenzake wa rika lake. Mama alikuwa anatuamsha tukalale na mtoto wa watu. Niliona na yule ni hivyohivyo."

Nakundwa alikumbuka. Alikumbuka homa, kitanda cha bweni, chupa dirishani yenye mbawakawa wawili, na yeye mwenyewe akijiambia kwamba homa imemfanya ahesabu vibaya. Mmoja alimpasua na kumchora. Wa pili, asiyeguswa, akamweka akiba kabatini kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye na vyombo bora. Kwa nini asichungulie miguu ya yule wa pili? Kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa na hakika. Watambuzi wengi wameangushwa na hakika kuliko na ujinga.

"Miaka thelathini na minne," alisema polepole. "Dada, ulimpa mwenzake."

"Nimekuharibia maisha."

"Ulimpa mwenzake asilale peke yake." Nakundwa alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kilio, na Niwaeli, asiyejua amfariji mcheka au mlia, alizunguka meza akamkumbatia kichwa kama alivyokuwa akimfanyia akiwa na miaka minne. Ananukia tangawizi na moshi, aliwaza Nakundwa, na mimi nimekaa mbali na harufu hii kwa sababu ya watu waliocheka mkutanoni.

Walipotulia, Niwaeli alimpangusa kwa pindo la khanga. "Sasa nisikilize mimi. Kesho useme ulichokiona. Nimekuharibia miaka yote hiyo kwa huruma, sitakuharibia iliyobaki kwa tangawizi. Kama ni bondeni nitakwenda bondeni. Watu wanaishi."

"Sijasema nitasema."

"Utasema. Wewe hujui kudanganya, hata ulipoiba maziwa ulikuja na masharubu yake." Aliinuka, akafika mlangoni, akasimama. "Ila kitu kimoja sikielewi. Wakitufukuza, msaragambo atafanya nani?"

"Hakuna. Sheria inakataza jembe ndani ya uzio."

"Basi watoto wa kizamia watazaliwa wapi?"

Nakundwa alimtazama. Alikuwa na shahada tatu na hakuwahi kuulizwa swali hilo, wala kujiuliza.

* * *

Niwaeli alimpeleka kwenye rundo la tope lililokuwa karibu na kizibo, akapiga magoti, akavunja bonge kwa vidole kwa uangalifu wa mtu anayemenya yai. Ndani palikuwa na kijumba cha mviringo, laini, na ndani yake amelala mtoto mweupe kama ugali, amekunja miguu kifuani, mbawa zikiwa bado ni vikunjo viwili vya ngozi. Macho peke yake ndiyo yalikuwa meusi.

"Mabuu wao wanatoka majini tukishazoa tope," alisema Niwaeli. "Wanapanda hapa. Tope likiwa la zamani, gumu au lenye majani, hawaingii. Ndiyo maana tukimaliza msaragambo hatupeleki udongo shambani mpaka mwezi mwingine uandame. Waliotutangulia walisema udongo unapumua. Watoto wakiuchezea wanachapwa. Wewe ulichapwa."

"Nilichapwa na wewe."

"Na bado hukujifunza."

Nakundwa alifunika bonge lile taratibu. Kisha alitaka kwenda Kwambazi, goti lipende lisipende.

Uzio wa Kwambazi ulikuwa mrefu na safi. Msuluhishi aliwafungulia lango kwa heshima zote. Ndani, ndiva haikuonekana. Matete yalikuwa yamesimama juu ya kichwa cha mtu, na katikati pamebaki dimbwi la maji ya kahawia ambalo mbuzi angelivuka bila kulowa tumbo. Nakundwa aliingia mpaka magotini na wavu wake. Alichota mara arobaini. Alipata viluwiluwi vya mbu, minyoo, na kiatu cha mtoto kilichosahauliwa siku ya kuhama. Kizamia hakuwapo. Niwaeli alisimama kando akitega sikio.

"Chura yuko wapi?" aliuliza. "Huyu chura alikuwa na kelele, tulikuwa tunamsikia mpaka kwetu."

Nakundwa alikigeuza kisanduku kimwelekee. "Mjibu."

"Vinasaba vya chura huyo sijavinusa kwa misimu mitatu," alisema Msuluhishi.

"Ukafanya nini?"

"Niliongeza upana wa uzio."

Niwaeli hakucheka. Alichukua kile kiatu kutoka mkononi mwa mdogo wake, akakisuuza vizuri, akakiweka juu ya jiwe mahali pa jua.

* * *

Ijumaa saa moja asubuhi watu wa Kwasemboja walisimama ukingoni. Ilikuwa zamu ya maji ya Niwaeli, na kwa adabu ya mahali pale hakuna aliyegusa kizibo kabla kauli haijatoka. Niwaeli alikuwa amekuja na majembe mawili begani, kwa sababu hukumu au si hukumu, mifereji ya shamba ilitaka kufunguliwa. Nakundwa aliweka kidole gumba juu ya kisanduku.

"Mtambuzi," alisema Msuluhishi, "vinasaba nilivyovinusa ni takataka au ni kiumbe?"

Alimwona Kirangi ameshika kofia kwa mikono miwili. Alimwona dada yake akimkubalia kwa kichwa.

"Ni kiumbe. Ni mbawakawa wa peke yake, nilimchora miaka thelathini na minne iliyopita. Kielelezo mlichokisoma hakikuwa chake. Kilikuwa cha mwenzake wa mtoni, aliyeingia kwenye chupa yangu njiani, na kosa la kutomkagua ni langu."

Sauti ilipita kati ya watu, si kelele, ni ile pumzi ya watu waliopigwa tumboni kwa pamoja. Mama mmoja akakaa chini. Kofia ya Kirangi ilianguka.

"Taja makazi yake," alisema Msuluhishi.

Nakundwa alikuwa ameiandika kauli hiyo mara sita jana, akaifuta mara tano. "Maji yaliyotuama, yasiyo na matete, yanayojazwa usiku na kutolewa asubuhi. Ukingo wenye tope jipya, lililozolewa kwa jembe mara moja kwa mwaka, likaachwa bila kuguswa mpaka mwezi uandame."

"Lililozolewa na nani?"

"Na watu."

"Sheria inasema mkono wa mtu uondolewe katika makazi."

"Sheria inasema pia makazi yasibadilishwe. Soma yote mawili kwa pamoja, halafu uniambie utaanzia wapi."

Msuluhishi alinyamaza. Watu wa Kwasemboja hawakuwahi kumsikia akinyamaza, na wengine walirudi nyuma hatua moja. Nakundwa akaeleza kijumba cha udongo na mtoto mweupe ndani yake, akaeleza Kwambazi, michoto arobaini, kiatu. Alisema yote hayo kwa sauti ya darasani, maana angetumia sauti yake mwenyewe ingekatika.

"Nimelinganisha," alisema Msuluhishi mwishowe. "Kwambazi nilifunga uzio, chura akabaki ndani bila kitu alichokihitaji. Nimeandika kosa hilo kwa jina langu. Kwasemboja haitafungwa. Haitatandikwa plastiki. Watu wake hawatahamishwa, na msaragambo hautakoma."

"Ngoja kwanza," alisema Kirangi. Aliokota kofia lakini hakuivaa. "Kwa hiyo maji yataendelea kuvuja. Na tutashika jembe kila mwaka mpaka kiama, kwa amri, kwa ajili ya mdudu? Mimi nina miaka hamsini na minane, mtambuzi. Niliitafuta plastiki ile ili nipumzike."

Nakundwa aliliona swali lile ni la haki, tena zito kuliko la Msuluhishi. "Ndiyo, mwenyekiti. Nimewafunga. Sina neno tamu la kulipaka juu yake. Niliona niwafunge hapa kuliko niwafungulie bondeni, na niseme ukweli kuliko nimuue huyu kwa neno la uongo. Kama nimekosea, nimewakosea ninyi."

Niwaeli akakohoa. "Kirangi, babu yako alifungwa na njaa. Baba yako naye akafungwa na njaa. Wewe umefungwa na mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Kwa nini usiseme tunaendelea?"

Watu wakacheka, kicheko cha wasiwasi lakini kicheko. Kirangi hakucheka. Ila alivaa kofia.

"Kuna sharti," alisema Msuluhishi. "Kwa wingi wa tope la ndiva hii, kazi lazima iishe kwa siku mbili, kabla mabuu hawajaanza kutoka majini. Wanahitajika watu ishirini na wanne wenye kushika jembe. Katika orodha ya zamu wapo ishirini na watatu. Chini ya idadi hiyo siwezi kuandika kwamba makazi yapo."

Watu wakaanza kutaja majina. Mwana wa fulani aliyeko Tanga, binti wa fulani aliyesema atarudi. Kila jina lilitajwa kwa sauti ndogo kuliko lililotangulia, maana kila mmoja alijua nani harudi. Nakundwa alisikiliza huku akiona nyumba yake ya ghorofa ya sita mjini, kabati la droo mia tatu, hadubini kubwa iliyofunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Alikuwa amevipenda vitu hivyo, na vilikuwa vimemtosha kwa miaka mingi kwa sababu hakujiruhusu kuuliza.

"Mtambuzi akihesabiwa?" aliuliza.

"Mtambuzi hawezi kuwa sehemu ya makazi anayoyatolea ushahidi," alisema Msuluhishi. "Ukihesabiwa, kiapo chako kinaisha. Sitakuwa na mwingine wa mbawakawa."

"Utakuwa nao. Walete hapa, nitawafundisha kuangalia miguu ya wa pili."

"Umefikiri, mama?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Nimefikiri. Andika jina lake la zamani, urudishe vilevile. Na kwa Kiswahili andika kizamia mwenza."

"Sababu ya jina?"

Nakundwa alimgeukia dada yake, lakini Niwaeli alikuwa ameziba mdomo kwa khanga na machozi yakimtiririka, akikataa kwa kichwa. "Sababu inajulikana nyumbani," Nakundwa alisema.

"Nimeandika. Ni neno lako la mwisho katika Daftari. Nimefurahi kufanya kazi na wewe."

Aliondoa mkanda shingoni. Ulikuwa umemwachia alama nyeupe ya miaka kumi na moja. Akakilaza kisanduku juu ya marobota ya plastiki, na kifua chake kikawa chepesi hata akataka kukishika.

Kirangi akamwashiria Niwaeli. Zamu ni zamu. Niwaeli alishuka, akatoa kizibo, na maji ya ndiva yakaanza kwenda kwa kishindo mferejini kuelekea tangawizi. Akapanda tena ukingoni, akachukua yale majembe mawili, akayapima kwa macho, akachagua lenye mpini mrefu kwa ajili ya mtu mwenye goti bovu.

"Leo ni siku ya ngapi tangu uje?" aliuliza.

Nakundwa alihesabu. "Ya tatu."

Niwaeli akampa jembe.